Dawa Yenye Wivu

Kinanda aliingia kwenye kliniki ya wanyama bila mnyama. Alikuwa akimkimbia fundi viatu mmoja aliyenunua kwake chupa ya marashi ya ng'ambo, akajipulizia siku ya kwenda kujitambulisha ukweni, jasho likamtoka, na marashi yakaanza kutoa povu shingoni mbele ya baba mkwe. Fundi alikuwa nje barabarani, kiatu mkononi, na hakuwa amekishika kwa nia ya kukishona. Basi Kinanda akaketi kwenye benchi la kusubiria, akafungua gazeti la zamani, akavaa uso wa mtu ambaye paka wake yumo ndani anapasuliwa.

Jina la Kinanda alipewa na mtaa. Walisema ukimbonyeza popote anatoa wimbo.

Ukuta wa chumba cha daktari ulikuwa wa mbao nyembamba, na Kinanda hakuwa mtu wa kuziba masikio yake wakati hayalipiwi kodi.

"Mama," ilisema sauti ya daktari, dada mmoja kijana mwenye maneno ya taratibu, "ngozi nimeiangalia, sijaona kiroboto. Choo nimekipima, hana minyoo. Lakini anajikuna masikio, analamba nyayo mpaka zimekuwa nyekundu, anatapika, anaharisha. Tena ni muda mrefu sasa. Nahisi ana mzio wa chakula."

"Mzio? Huyu mbwa anakula vizuri kuliko mimi!"

"Anakula nini?"

"Kuku. Nyama ya ng'ombe. Mkate na siagi. Jibini. Keki, kama kuna mgeni."

Kalamu ya daktari ilisikika ikiwekwa mezani taratibu.

"Basi tufanye hivi. Kwa miezi miwili mpe nyama ya aina moja tu, ambayo hajawahi kuila. Sungura, kwa mfano. Na viazi vya kuchemsha. Bila chumvi, bila mafuta, bila kitunguu. Asipewe kitu kingine chochote. Mfupa hapana, biskuti hapana, hata kuonjeshwa hapana. Akipona, tutamrudishia vyakula kimoja kimoja tujue kipi kinamdhuru, na nitakupangia lishe kamili, maana hawezi kuishi hivyo milele."

"Na dawa?"

"Kuna vidonge vya kupunguza muwasho siku hizi za mwanzo. Ila tiba yenyewe ni hicho chakula."

"Yaani," ilisema sauti ya mama, ikipanda ngazi, "nimekuja hospitali, unaniambia nikapike?"

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Akatoka mwanamke mnene wa makamo, bangili kutoka kifundo hadi kiwiko, miwani ya jua mikubwa kama vioo vya lori. Nyuma yake alikokotwa mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia, masikio mekundu, tumbo limepwaya, manyoya yamenyonyoka mgongoni kama zulia la ofisi ya serikali. Vidonge alikuwa ameviacha mezani.

Hapo ndipo Kinanda alipoona mwanga. Maishani mwake alikuwa amejifunza jambo moja, na alilijifunza vizuri: mtu hapendi kulipa ili aambiwe aache. Mtu hulipa ili apewe. Yule daktari alikuwa ameuza ukweli mkavu, bila chupa, bila karatasi ya kubandika, bila hata harufu. Nani ananunua bidhaa ya namna hiyo?

Akasimama, akamkuta mama mlangoni, akaupokea mnyororo wa mbwa kwa adabu zote, wakatoka pamoja. Fundi viatu alimwona, lakini alimwona pia yule mbwa, akaahirisha.

"Shikamoo mama," Kinanda alisema walipofika kwenye gari. "Samahani kwa kuingilia. Huyu jina lake nani?"

"Jenerali. Na wewe nani?"

Kinanda alichuchumaa, akainua sikio la Jenerali, akalinusa, akatikisa kichwa kwa majonzi. Akashika unyayo, akautazama. Akaweka kiganja tumboni, akafumba macho.

"Huyu anaharisha," alisema.

"Eh!"

"Tena anatapika. Na kuna kuku hapa. Kuku, ng'ombe, na... subiri... keki."

Mama alivua miwani. "Umejuaje?"

"Mama yangu, mimi ni mtu wa lishe za mbwa. Nilikuja kuwasalimia wenzangu hapo ndani. Hawa vijana wanasoma vizuri, siwasemi vibaya, lakini wanatibu kwa maneno. Mimi natibu kwa matone."

"Matone!" alisema mama, kwa sauti ya mtu aliyempata ndugu yake aliyepotea.

Kinanda akamweleza. Ni dawa ya kioevu, matone matatu asubuhi, matatu jioni. Ina nguvu sana. Lakini ina tatizo moja: ina wivu. Haipendi kukuta chakula cha kigeni tumboni. Ikimkuta kuku, inasusa. Ikikuta ngano, inasusa. Inaelewana na sungura na viazi vya kuchemsha peke yake, visivyo na chumvi wala kitunguu, kwa miezi miwili.

"Sungura na viazi," mama alirudia, akishika kila neno kama kitu cha thamani. "Unaona sasa? Ungekuwa pale ndani tungeelewana mapema."

Jioni ile Kinanda alichemsha maji jikoni kwa dada yake, mshonaji aliyempa kochi la kulalia na hakumpa imani.

"Unapika nini?"

"Dawa."

"Ya nani?"

"Mbwa."

Dada akachungulia sufuria. Karoti moja ilikuwa ikielea ndani, kwa ajili ya rangi. "Mdogo wangu," alisema, "hata mbwa?"

*

Nyumba ya Mama Bangili ilikuwa na geti jeusi, zulia la kuzamisha kisigino, na saa ya ukutani ndefu kama mtu mzima. Mama aliishi na kaka yake, bwana mwembamba aliyevaa tai hata akiwa anakula embe, ambaye mlinzi wa getini alimwita Bwana Tai lakini si mbele yake. Huyo mlinzi mwenyewe alikuwa mtu wa miraba minne, mpole, aliyevaa koti la baridi hata jua likiwa kali.

Kinanda alikuja kila asubuhi kutia matone mwenyewe, na siku za kwanza zilikuwa mbaya. Jenerali alikula sungura kwa furaha ya mtu aliyetoka jela, lakini muwasho haukusoma ratiba. Alijikuna mpaka damu. Alizunguka sebuleni akilia kwa sauti nyembamba, akaja akamwekea Kinanda kichwa mapajani, akamtazama.

Kinanda alikuwa ametazamwa na watu wengi aliowaliza. Walimtazama kwa hasira, na hasira alikuwa ameizoea. Huyu alimtazama kwa matumaini, na hilo halikuwa kwenye uzoefu wake. Usiku hakulala vizuri. Asubuhi, kwa pesa yake mwenyewe, jambo ambalo waliomfahamu wangelikataa hata kwa kiapo, alirudi kliniki kununua vile vidonge.

"Mbwa wako anaitwa nani?" aliuliza daktari.

"Jenerali."

"Ana masikio mekundu, manyoya yamenyonyoka mgongoni?"

"Ndiyo hivyo."

"Ajabu. Kuna Jenerali mwingine mjini anafanana naye kabisa." Alimtazama juu ya miwani, kisha akaandika vipimo. "Saga kidonge, changanya na kiazi. Usikifiche kwenye soseji wala siagi, utaharibu kila kitu. Na sungura usimpe mifupa iliyopikwa, inapasuka vipande. Umenielewa, daktari?"

"Nani daktari?"

"Hata mimi najiuliza," alisema dada yule, akamrudishia chenji.

Muwasho ukapoa. Choo kikaanza kushikana, na Kinanda, mwanamume aliyezoea kuvaa suruali yenye mstari, akajikuta ameinama bustanini kila asubuhi akikagua kinyesi cha mbwa kwa furaha ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Kisha ghafla, wiki ya tatu, Jenerali akaharisha upya na masikio yakawaka.

Kinanda hakuhitaji kuambiwa. Tapeli hujua harufu ya utapeli. Akawaita wote sebuleni: mama, kaka mtu, na mlinzi, aliyesimama pembeni ya zulia asilichafue.

"Kuna mtu amempa Jenerali chakula," alisema kwa sauti ya msibani. "Sitauliza ni nani. Dawa itasema yenyewe. Nilishawaambia ina wivu. Ikisalitiwa, inamrudia aliyeisaliti. Kabla ya mchana ataanza kuwashwa, hapa, nyuma ya sikio."

Saa ndefu ikagonga tik, tok. Mlinzi alikuwa wa kwanza. Mkono wake ulipanda taratibu kama si wake, ukajikuna.

"Ni mkate tu," alilia. "Kipande! Ananikalia pale getini ananitazama, bosi, ningefanyaje?"

Lakini Bwana Tai naye alikuwa amelegeza tai, kidole kimezama nyuma ya sikio. Ngozi za kuku, alikiri. Kila chakula cha mchana. Kinanda akageuka kwa mama. Bangili zilikuwa zikilia mfululizo, maana mama alikuwa anajikuna masikio yote mawili.

"Kajibini," alisema mama kwa sauti ya mtoto. "Kadogo."

Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu. Jenerali akanenepa, mgongo ukaota manyoya mapya laini, masikio yakawa ya kawaida, na mkia ukaanza kuangusha vikombe. Mama Bangili alimpeleka kutembea mtaani kama anamtembeza bwana harusi, na wenye mbwa wa mtaa ule wakaanza kuuliza.

Biashara ikashika. Kinanda alipita nyumba hadi nyumba na begi la ngozi. Wenye mbwa wa kujikuna aliwapa matone na masharti, na masharti yalifanya kazi. Wenye mbwa wa kuharisha aliwauliza kwanza mbwa amekula nini. Mbwa wa muuza vitambaa mmoja alikuwa amemeza soksi. Mbwa huyo, Kinanda alimpeleka kliniki mwenyewe, mbio, bila kumpa hata tone. Aliporudi alikasirika sana na nafsi yake. Angeweza kuuza chupa tatu pale. Alijiuliza kama anaumwa.

*

Siku moja Mama Bangili alimkaribisha mezani, akamwagia chai mwenyewe. Bwana Tai alikuwepo, tai imenyooka, mikono juu ya bahasha.

"Mwanangu," alisema mama, na neno hilo alilitamka kwa utamu mpaka Kinanda akahisi joto kifuani, "mpaka lini utabeba begi mgongoni? Tumefikiri, mimi na kaka. Tufungue kampuni. Nyumba hii iwe ofisi. Mimi naleta nyumba, wewe unaleta siri ya dawa. Nusu kwa nusu."

Kinanda alikaribia kupaliwa. Alikuwa anapewa nusu ya nyumba yenye geti jeusi kwa siri ya kuchemsha karoti. Aliinamisha kichwa ili wasione meno yake.

"Siri hii, mama, ni ya ukoo. Babu yangu..."

"Tunaheshimu ukoo," alisema Bwana Tai. "Imebaki usajili tu. Mwanahisa anatakiwa aonyeshe kwamba ana kitu. Leta kile ulichojiwekea, nikionyeshe ofisini, kesho saa nne unakuta mkataba mezani, jina lako juu kabisa."

Sasa, Kinanda mwenyewe alikuwa ametumia maneno ya namna hii mara nyingi, kwa wajane, kwa wastaafu, na mara moja kwa askari wa barabarani. Alikuwa anayajua kama anavyojua mfuko wake. Lakini mtu anayetapeli huwa na macho kwenye mkono wake mwenyewe; alikuwa anatazama jinsi anavyowaingiza mjini wenzake, hakuona kwamba gari lile lina abiria mmoja tu. Akaenda kwa dada, akatoa bahasha yake nzima chini ya kochi, akaileta. Bwana Tai akaipokea kwa mikono miwili.

Asubuhi alifika na suruali yenye mstari na kalamu mpya. Mlinzi akafungua geti, akapiga saluti ambayo hajawahi kuipiga.

"Karibu mwenye nyumba," alisema.

"Tayari wameshakuambia?"

"Wameniambia kabla hawajaondoka. Kwamba umeinunua yote, na mshahara wangu niliokuwa nawadai nikudai wewe."

Kinanda aliingia ndani. Zulia halikuwepo. Saa ndefu haikuwepo. Makochi, friji na mapazia vilikuwa vimekwenda; hata taa za darini zilikuwa zimefunguliwa, nyaya zinaning'inia kama tambi. Katikati ya sebule tupu alikaa Jenerali, mbele ya bakuli lake, akipiga mkia sakafuni, na sauti ya mkia ikarudi kutoka kwenye kuta zote.

"Wamekwenda wapi?"

"Lori lilikuja alfajiri. Walisema wanabadilisha samani, mwenye nyumba mpya hapendi zile." Mlinzi alivua kofia. "Bosi, wamekupiga?"

Ndipo mlinzi akamweleza yale ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza. Nyumba haikuwa ya Mama Bangili. Ilikuwa ya mzee mmoja mfanyabiashara anayeishi ng'ambo kwa mwanawe. Mama aliachiwa aitunze, yeye na mbwa. Kila wiki mzee alipiga simu ya picha, si kumwona mama, bali kumwona Jenerali. Alipoona mbwa anadhoofika, mzee alitaka kupanda ndege. Ndiyo maana mbwa akatafutiwa tiba haraka. Sasa ilikuwa wazi: walihitaji mbwa mwenye afya kwenye simu ili wapate muda wa kutafuta wanunuzi wa vyombo.

"Na huyo mzee," Kinanda aliuliza, "anakuja lini?"

"Mama alisema leo, kukukabidhi funguo, nami nikamwamini. Kumbe ndiyo maana ya haraka."

Kinanda akaketi sakafuni. Alitaka kutukana, lakini kicheko kikatangulia. Amepigwa kwa wimbo wake mwenyewe, tena na noti zile zile! Akacheka mpaka machozi, na katikati ya machozi akasikia gari likisimama nje.

Hakusubiri. Alinyakua begi, akatoka kwa mlango wa jikoni, akavuka bustani, akafika kwenye ukuta wa nyuma. Ulikuwa mfupi, amewahi kuruka mirefu zaidi akiwa na mzigo. Aliweka mguu mmoja juu, akageuka mara moja tu, kwa mazoea, kuona kama anafukuzwa.

Kupitia dirisha lisilo na pazia alimwona mzee mwenye kofia ya pama amesimama sebuleni, amepigwa bumbuwazi, akizitazama kuta zake. Kisha mzee akamwona mbwa. Uso wote ukabadilika. Akapiga magoti pale sakafuni na suti yake, akamkumbatia shingoni, Jenerali akamlamba mpaka kofia ikaanguka. Na mzee, akicheka, akafungua mfuko wa karatasi aliokuja nao, akatoa kuku mzima wa kuokwa.

"Aaa, hapana," alisema Kinanda juu ya ukuta. "Hapana, hapana."

Wiki moja ilikuwa imebaki kutimia miezi miwili. Asubuhi ngapi ameinama kwenye majani yale? Jenerali alikuwa ameshafungua mdomo.

"MWACHE!" Kinanda alipiga ukelele, akaruka, lakini upande usio sahihi. Alikimbia akipita katikati ya maua, akaingia kwa mlango wa jikoni, akateleza kwenye vigae, akafika miguuni kwa mzee kwa tumbo na kumpokonya kuku mkononi. "Usimpe! Ana mzio! Utamharibu tumbo!"

Mzee akarudi nyuma. "Wewe ni nani? Vitu vyangu viko wapi?"

"Vitu sijui. Muulize mlinzi. Lakini huyu anakula sungura na viazi tu, mzee, bila chumvi, mpaka wiki ijayo. Halafu tunamjaribu kuku kidogo, tunangoja siku kadhaa tunamwangalia, halafu ng'ombe. Si kuku mzima! Nani anampa mgonjwa kuku mzima?"

Mlinzi akaingia, akasimulia yote, kwa uaminifu uliomwudhi Kinanda, hadi kwenye matone.

"Matone gani?" aliuliza mzee.

Kinanda bado alikuwa amekumbatia kuku. "Maji," alisema. Neno lilitoka kwa shida, kama jino. "Maji ya bomba. Na karoti."

Mzee akampapasa Jenerali mgongoni, kwenye manyoya mapya. "Hata sasa unaficha siri. Maji hayaoteshi manyoya."

"Ni maji, mzee! Ni chakula kilichomponya, na vidonge vya daktari!"

"Hebu niuzie chupa moja."

"Siuzi! Nakuambia ni maji!"

Mara ya kwanza maishani Kinanda anasema kweli, na haikupata mnunuzi. Ilibidi apigiwe simu daktari wa kliniki. Mzee alisikiliza, akatikisa kichwa, akasikiliza tena. Ndani ya simu ilisikika sauti ya mtu anayecheka kwa adabu.

"Anasema anakujua," mzee alisema alipokata. "Anasema wewe ni tapeli, na kwamba hajawahi kuona mtu anayefuata masharti ya lishe kama wewe." Akaokota kofia yake. "Polisi nitawapigia kuhusu hao wawili. Kuhusu wewe bado sijaamua. Nitaamua mbwa akimaliza majaribio yake yote. Mpaka hapo unapika. Unalala chumba cha mlinzi, na geti hutoki."

"Mshahara je?"

Mzee alikwenda kutafuta kiti ndani ya nyumba yake mwenyewe, na hakukipata.

Mlinzi alifunga geti kwa kufuli, akaweka ufunguo ndani ya koti lake. Kisha akarudi jikoni, akasimama mlangoni, hana uhakika amwite bosi au amwite nani.

"Sungura wamekwisha," alisema. "Nitakwenda sokoni mimi. Wewe ukitoka hurudi."

Kinanda alitazama nje. Ukuta wa nyuma ulikuwa pale pale, mfupi, na alama ya kiatu chake juu yake. Akamtazama Jenerali, aliyekuwa amekaa mbele ya bakuli tupu, hana haraka, kama mtu ambaye chakula chake hakijawahi kuchelewa.

"Nunua wawili," alisema, akikunja mikono ya shati. "Na viazi uchague. Vyenye kijani usiniletee."